Saratani ya njia ya haja kubwa: Maradhi yanayofichwa na aibu

KATI ya maradhi yanayowaangamiza watu kimyakimya, saratani ya njia ya haja kubwa ni miongoni mwa yale yasiyotajwa kabisa hadharani. Mwenye malaria hamwonei jirani haya, na mwenye kisukari hueleza lishe yake mezani bila kusita. Lakini anayetokwa na damu kwenye tupu ya nyuma aghalabu hunyamaza, akanunua dawa ya bawasiri kwa mchuuzi, na kufika hospitalini wakati uvimbe umekwisha kuota mizizi.

Ukimya huo una gharama kubwa kwa sababu maradhi haya si fumbo kwa wataalamu. Chanzo chake kinajulikana, chanjo dhidi ya chanzo hicho ipo, na wagonjwa wengi wanaogunduliwa mapema hupona. Kinachokosekana mara nyingi ni maarifa kwa upande wa wananchi na ujasiri wa kuzungumza na daktari.

Ni saratani ya aina gani?

Watu wengi huichanganya saratani hii na ile ya utumbo mpana. Hayo ni maradhi mawili tofauti. Saratani ya utumbo mpana huanzia ndani zaidi na kwa kawaida huhusishwa na umri, lishe na urithi wa kifamilia. Saratani inayozungumziwa hapa huanzia kwenye mfereji mfupi, wenye urefu wa takriban sentimita nne, unaounganisha mwisho wa utumbo na nje ya mwili, au kwenye ngozi inayouzunguka mlango wa mfereji huo.

Ndani ya mfereji huo kuna mahali ambapo utando laini wa utumbo hukutana na utando mgumu zaidi unaofanana na ngozi. Chembechembe za mwili zilizopo kwenye mpaka huo hubadilika kila mara. Hali kama hiyo hupatikana pia kwenye mlango wa kizazi cha mwanamke, na ndiyo sababu saratani za sehemu hizi mbili hufanana sana kwa chanzo na kwa jinsi zinavyokua.

Ikilinganishwa na saratani ya matiti au ya mlango wa kizazi, hii ni nadra. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake mjini Lyon, Ufaransa, yalionyesha kuwa takriban watu 50,000 duniani walipatikana nayo mwaka 2020, na karibu 19,000 wakafariki. Katika jamii kwa jumla, humpata mtu mmoja au wawili kati ya kila watu 100,000 kwa mwaka. Hata hivyo, kuna makundi ambayo hatari yake ni kubwa mno kuliko hiyo, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba katika nchi nyingi wanawake wanaougua maradhi haya ni wengi kuliko wanaume. Mwigizaji maarufu wa Marekani, Farrah Fawcett, aligunduliwa kuwa nayo mwaka 2006 na akafariki Juni 25, 2009 akiwa na umri wa miaka 62. Kabla ya kifo chake alikubali safari yake ya matibabu irekodiwe na kuonyeshwa kwenye runinga, na kwa mamilioni ya watu hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina la maradhi hayo likitamkwa waziwazi.

Chanzo ni virusi vya HPV

Takriban asilimia 90 ya visa vya saratani hii husababishwa na virusi vya papiloma, almaarufu HPV. Virusi hivi vina aina zaidi ya 200. Nyingi hazina madhara makubwa. Aina ya 6 na ya 11 husababisha chunjua kwenye sehemu za siri, ambazo huudhi lakini kwa kawaida hazigeuki kuwa saratani. Kuna aina nyingine zipatazo 14 ambazo ni hatari zaidi, na iliyo mbaya kuliko zote kwa tupu ya nyuma ni aina ya 16.

Aliyefungua ukurasa huu wa elimu ni mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen. Mnamo 1983 yeye na wenzake waligundua HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka uliofuata wakagundua aina ya 18. Wakati huo wanasayansi wengi waliamini kuwa saratani hiyo ilisababishwa na virusi vya aina nyingine kabisa. Mwaka 2008 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Wafaransa Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier waliogundua virusi vya HIV.

HPV huenea kwa ngozi kugusana na ngozi. Watu wengi walioanza kushiriki ngono huambukizwa angalau aina moja maishani, mara nyingi bila kujua kwa kuwa hakuna maumivu wala kidonda. Katika watu wengi kinga ya mwili huvishinda virusi hivyo kwa muda wa mwaka mmoja au miwili. Tatizo hutokea pale ambapo virusi hukataa kuondoka. Vikikaa kwa miaka mingi, hubadilisha chembechembe polepole, na mabadiliko hayo yanaweza kufikia kiwango cha saratani baada ya miaka kumi au zaidi.

Je, ngono ya nyuma ndiyo husababisha?

Hili ndilo swali linaloleta mabishano mengi. Jibu la wataalamu ni kwamba tendo lenyewe halizai saratani. Kinachoizaa ni virusi. Hata hivyo, kujamiiana kupitia njia ya haja kubwa huvipa virusi nafasi nzuri ya kuingia, kwa sababu utando wa sehemu hiyo ni mwembamba, hautoi majimaji ya kulainisha, na huchubuka kwa urahisi.

Utafiti ulioongozwa na Janet Daling wa Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1987, ulionyesha uhusiano kati ya saratani hii na ngono ya aina hiyo kwa wanaume. Ulionyesha pia kuwa waliowahi kupata chunjua za sehemu za siri na wavutaji sigara walikuwa katika hatari zaidi. Miaka kumi baadaye, mnamo 1997, Morten Frisch na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Denmark na Sweden. Hawa waligundua kuwa kwa wanawake na wanaume kadhalika, idadi ya wapenzi ambao mtu amekuwa nao ilihusiana moja kwa moja na hatari ya kuugua.

Lakini tafiti hizo hizo zilibainisha jambo linalopaswa kukomesha masengenyo: wanawake wengi waliougua hawakuwahi kamwe kufanya ngono ya nyuma. Virusi vilivyo kwenye uke au mlango wa kizazi vinaweza kuhamia sehemu ya nyuma kwa kuwa viungo hivyo vimekaribiana. Vinaweza pia kubebwa na vidole wakati wa tendo la ndoa. Kwa hivyo, kumhukumu mgonjwa kuwa ameyavuna aliyoyapanda ni kukosa haki na pia kukosa elimu.

Kadhalika, si kweli kwamba kujiosha baada ya tendo huondoa hatari. Maji na sabuni haviondoi virusi vilivyokwisha kuingia kwenye utando, na sabuni kali au dawa za kusafishia huweza kuuchubua zaidi.

Walio katika hatari zaidi

Mwaka 2021, wataalamu wakiongozwa na Gary Clifford wa shirika la Lyon walikusanya matokeo ya tafiti nyingi ili kulinganisha makundi mbalimbali. Hesabu yao ilikuwa ya visa kwa kila watu 100,000 kwa mwaka.

Waliotia fora ni wanaume wanaojamiiana na wanaume wenzao na ambao pia wanaishi na virusi vya HIV, kwa visa 85. Wanaume wengine wanaoishi na HIV walikuwa na visa 32, na wanawake wanaoishi na HIV visa 22. Wanaume wanaojamiiana na wanaume lakini hawana HIV walikuwa na visa 19. Wanawake waliowahi kuugua saratani ya sehemu za nje za uke walikuwa na visa 48, ilhali watu waliopandikizwa viungo kama vile figo, ambao hulazimika kumeza dawa za kudhoofisha kinga, walikuwa na visa 13.

Takwimu hizo zinabeba ujumbe mzito kwa Kenya, nchi yenye zaidi ya watu milioni moja wanaoishi na HIV. Kinga inapodhoofika, mwili hushindwa kuvifukuza virusi vya HPV. Dawa za kupunguza makali ya HIV zimewawezesha watu kuishi maisha marefu, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, kadiri mtu anavyozidi kuishi ndivyo saratani zinazochukua miaka mingi kukua zinavyopata wakati wa kujitokeza. Ndiyo sababu anayeanza dawa mapema na kuzimeza bila kukosa huwa salama zaidi kuliko aliyechelewa hadi kinga ikaporomoka.

Dalili na kosa la bawasiri

Dalili ya kwanza huwa ni damu kwenye choo au kwenye karatasi ya kujipangusia. Nyingine ni maumivu au hisia ya kujaa kwenye tupu ya nyuma, uvimbe unaoweza kuguswa kwa kidole, kuwashwa kusikokoma, kutokwa na usaha au kamasi, kubadilika kwa umbo la choo na kuota mitoki kwenye kinena. Baadhi ya wagonjwa hawaoni dalili yoyote mwanzoni.

Hapa ndipo kosa kubwa hutendeka. Dalili hizi karibu zote hufanana na za bawasiri, maradhi ambayo ni ya kawaida mno. Bawasiri haigeuki kuwa saratani, na watu wengi wanaotokwa na damu hawana saratani. Lakini mtu hawezi kujua kwa kukisia. Anayejitibu kwa majani, mafuta ya kupaka au vidonge vya dukani kwa miezi kadhaa bila kuchunguzwa hucheza bahati nasibu na uhai wake. Hata baadhi ya wahudumu wa afya huandika dawa ya bawasiri kwa kusikiliza maelezo tu, bila kumwangalia mgonjwa.

Kanuni iliyo rahisi kukumbuka ni kwamba damu, uvimbe au maumivu yanayoendelea kwa zaidi ya majuma mawili au matatu, au yanayorudi kila baada ya matibabu, yanahitaji uchunguzi wa daktari, awe mgonjwa ni kijana au mzee, mume au mke.

Uchunguzi hufanywaje?

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine. Daktari au tabibu huvaa glavu, hupaka kilainishi kwenye kidole, kisha hupapasa ndani ya mfereji na kuuzunguka mlango wake. Zoezi hilo huchukua dakika moja au mbili na linaweza kufanyiwa hata katika kituo cha afya cha kijijini. Akihisi uvimbe au ugumu usio wa kawaida, humwelekeza mgonjwa katika hospitali kubwa ambako kipande kidogo cha nyama hukatwa na kupelekwa maabara. Bila kipimo hicho cha maabara, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kuwa hii ni saratani au siyo.

Katika mataifa tajiri kuna uchunguzi wa hali ya juu zaidi. Chembechembe huchotwa kwa pamba na kuangaliwa, na panapotiliwa shaka, daktari hutumia kifaa kinachokuza picha ya utando mara nyingi ili kuona mabadiliko ambayo bado hayajawa saratani.

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana iwapo kuna faida yoyote ya kuyatibu mabadiliko hayo mapema. Jibu lilipatikana Juni 2022, pale matokeo ya utafiti uitwao ANCHOR, ulioongozwa na Joel Palefsky wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, yalipochapishwa. Watu 4,446 wanaoishi na HIV, wote wenye umri wa miaka 35 au zaidi na wenye mabadiliko ya hatari, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa mara moja huku jingine likifuatiliwa kwa karibu bila matibabu. Waliopata saratani katika kundi la kwanza walikuwa 9, ilhali katika la pili walikuwa 21. Matibabu yalikuwa yamepunguza hatari kwa asilimia 57.

Kufuatia matokeo hayo, wataalamu wa kimataifa wa maradhi haya walitoa mwongozo mnamo 2024. Walipendekeza wanaume wanaojamiiana na wanaume na wanaoishi na HIV waanze kuchunguzwa wakiwa na umri wa miaka 35, nao wanawake na wanaume wengine wanaoishi na HIV, pamoja na wanaume wanaojamiiana na wanaume wasio na HIV, waanze wakiwa na miaka 45. Mahali pasipo na vifaa vya kisasa, uchunguzi wa kidole unabaki kuwa silaha ya maana.

Namna ya kujikinga

Kinga ya kwanza ni chanjo ya HPV. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2006, ilikusudiwa kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2011, utafiti uliohusisha vijana wa kiume 602 wanaojamiiana na wanaume ulionyesha kuwa waliopata dozi zote kabla ya kuambukizwa walipungukiwa na mabadiliko hatari ya tupu ya nyuma kwa takriban asilimia 75. Tayari mnamo Desemba 2010 serikali ya Marekani ilikuwa imeiidhinisha chanjo hiyo kuzuia saratani ya njia ya haja kubwa kwa wasichana na wavulana wenye umri wa kati ya miaka 9 na 26.

Kenya ilianza kuitoa bila malipo kote nchini Oktoba 2019, katika hafla iliyoongozwa na Rais Uhuru Kenyatta mjini Mombasa, baada ya majaribio katika Kaunti ya Kitui. Mpango huo uliwalenga wasichana wa miaka 10 kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowaua wanawake wengi zaidi hapa nchini. Mzazi anayemchanja bintiye dhidi ya saratani hiyo humpa pia kinga dhidi ya saratani ya nyuma, jambo ambalo halielezwi mara nyingi. Mataifa kama Australia na Uingereza huwachanja pia wavulana.

Mnamo Desemba 2022, Shirika la Afya Duniani lilisema kuwa hata dozi moja inaweza kutosha kwa walio na umri wa miaka 9 hadi 20, lakini wanaoishi na HIV wanahitaji angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu. Chanjo hufaa zaidi kabla ya mtu kuanza ngono. Haitibu virusi vilivyokwisha kuingia mwilini.

Kinga ya pili ni mipira ya kondomu. Haizuii HPV kikamilifu, kwa kuwa virusi hukaa pia kwenye ngozi isiyofunikwa. Hata hivyo, hupunguza maambukizi, na huzuia HIV, kisonono na kaswende. Wanaofanya ngono ya nyuma hushauriwa kutumia vilainishi vya maji. Mafuta ya mgando na ya kupikia huharibu mpira na kuupasua, na mate hayatoshi kuzuia michubuko.

Tatu ni kupunguza idadi ya wapenzi. Nne ni kuacha sigara, kwa kuwa uvutaji huudhoofisha mwili katika vita vyake dhidi ya virusi hivi. Tano ni kupima HIV, na kwa aliyepatikana nayo, kuzingatia dawa. Mwanamke aliyepatikana na mabadiliko hatari kwenye mlango wa kizazi au sehemu za nje za uke anafaa pia kumwuliza daktari kuhusu sehemu ya nyuma.

Tiba ipo

Hadi miaka ya sabini, tiba ilikuwa moja tu: upasuaji wa kuondoa mfereji mzima. Mgonjwa alibaki akipitisha choo kwenye tundu la tumboni maisha yake yote. Mwaka 1974, daktari Norman Nigro wa Detroit, Marekani, alichapisha taarifa ya wagonjwa waliopewa dawa za kuua seli za saratani pamoja na tiba ya mionzi kabla ya kupasuliwa. Uvimbe ulikuwa umeyeyuka kabisa kwa baadhi yao. Kutokana na ugunduzi huo, wagonjwa wengi leo hutibiwa kwa dawa na mionzi kwa majuma matano hivi au sita, bila kupoteza kiungo hicho. Upasuaji mkubwa huachiwa wale ambao uvimbe wao umekataa kuisha au umerudi.

Maradhi yakigunduliwa kabla ya kusambaa, zaidi ya wagonjwa wanane kati ya kumi huwa hai baada ya miaka mitano, kwa mujibu wa takwimu za Marekani. Yakisambaa hadi ini au mapafu, ni takriban mmoja kati ya watatu tu. Nchini Kenya, tiba ya mionzi ilikuwa ikipatikana katika Hospitali Kuu ya Kenyatta pekee kwa upande wa umma kwa miaka mingi. Baadaye huduma hiyo ilifikishwa katika hospitali nyingine, zikiwemo za Eldoret, Nakuru, Mombasa na Garissa.

Siri ya mgonjwa

Kizingiti kilichobaki ni ulimi. Wapo wanandoa wasioweza kuelezana kuwa wanaumwa sehemu hiyo. Wapo wanaume wanaohofia kwamba daktari atawauliza wanalala na nani. Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi: vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinaharamisha ngono kati ya wanaume, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuvifuta.

Hata hivyo, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya kutunza siri ya mgonjwa, na kazi ya daktari si kushtaki bali kutibu. Mgonjwa hahitaji kusimulia maisha yake yote. Inatosha kusema: "Natokwa na damu nikienda haja, na ningependa unichunguze." Akipewa dawa bila kuangaliwa, ana haki ya kuomba aangaliwe, na anaweza kuomba mhudumu wa jinsia yake iwapo yupo. Wanaohudhuria kliniki za HIV wanaweza kuuliza swali hilo siku ile ile wanayochukua dawa.

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai, tena mficha maradhi kilio humfichua. Uchunguzi wa dakika mbili unaweza kumtenganisha mtu anayetibiwa na kurejea nyumbani na yule ambaye jamaa zake watajua alichougua siku ya matanga.